Mshale Usemao Sijambo

Kwenye kona ya saba ya mlima wa Selim
Varduhi aliutazama mshale wa joto.
Ulikuwa katikati, baina ya buluu na nyekundu,
umetulia kama shahidi aliyekwisha kulipwa.
"Gari zima," akasema.
Nyuma yake makreti ya aprikoti yalinukia,
na kitu kingine pia kilinukia,
kitamu, kama sharubati iliyosahauliwa jikoni.

"Geuza," akasema baba yake.

Hrachik aliendesha lori la serikali miaka ishirini na tisa
na mshale wa lori lile ulikuwa mbea:
mlimani unapanda, bondeni unashuka,
ukisimama Martuni kununua samaki unatetemeka
mpaka uwashe tena.
"Homa za injini ile nilizijua
kuliko homa zenu, wanangu."
Alisema hivyo mkono ukiwa tumboni.

Yeghegnadzor, gereji ya Gegham.
Hakuanza na boneti. Alichomeka kidude chini ya usukani,
akawasha, akawaita waje wasome.
Themanini na mbili. Mshale katikati.
Akakanyaga mafuta. Tisini na nne. Katikati.
Mia na tatu.
Mia na tisa, Varduhi kajishika shavu,
na mshale haujasogea hata unywele.

"Umeharibika?"
"Haujaharibika. Umefundwa."
Gegham akafuta vidole kimoja kimoja.
"Zamani ukicheza kidogo tu, watu wanarudi dukani kulalamika:
gari jipya, mbona linahangaika?
Basi wahandisi wakaupiga pasi.
Toka sabini na kitu hadi mia na kumi
una jibu moja.
Siku ukiuona unaelekea kwenye nyekundu
usiseme gari linaumwa, dada.
Umealikwa mazishini."

Mpira wa rejeta ulikuwa na ufa, urefu wa ukucha.
Alilipa nusu kwa pesa, nusu kwa aprikoti.

Wakapanda tena. Kona ya tano, ya sita.
Mshale katikati.
"Baba, hujambo?"
"Sijambo."

Jibu hilohilo tangu theluji ya Februari:
alipouacha mkate mezani, sijambo;
alipotoboa tundu jipya kwenye mkanda, kwa msumari,
akidhani hakuna anayemwona, sijambo.

Kona ya saba alisimamisha gari, akazima.
Injini ikabaki inalia tik, tik, kama chuma kinavyolia kikipoa.
"Sitaki mshale," akasema. "Nipe namba."

Hrachik alitazama bonde muda mrefu.
Ng'ombe wa mtu alivuka barabara, akarudi, akavuka tena.
"Kilo tisa," akasema mwishowe.
"Usiku naamka mara nne.
Damu, mara mbili. Hapana. Tatu."

Kisha akafungua dirisha.
"Washa, binti. Aprikoti hazingoji."

Varduhi akawasha.
Akageuza tena gari, kuelekea kulikotoka lami nzuri na hospitali,
naye baba, kwa mara ya kwanza, hakubisha.