Swali la Kumi na Saba

Tulifika Mishomoroni saa tatu, jua lishakuwa kali,
wanafunzi wanne wa ustawi wa jamii,
mwaka wa pili, fulana za chuo bado zanukia duka.
Kadzo alibeba fomu, Nyambu kalamu,
Mbwana alibeba maneno mazito aliyoyatunga usiku kucha.
Mimi nilibeba mfuko wa mahamri,
maana mwalimu alituusia: musiingie kwa watu mikono mitupu.

Maswali ishirini na mawili.
La kwanza, jina. La tano, mwala wangapi.
La tisa, dumu la maji mwanunua kwa bei gani.
La kumi na saba Mbwana alilisoma kwa sauti ya mimbari:
"Je, umewahi kudhulumiwa?"

"Hapana," akasema wa chumba cha kwanza, yuwachambua mchicha.
"Hapana," wa pili, "mimi sina ugomvi na mtu."
"Alhamdulillahi, hapana."
Mbeyu wa chumba cha saba alicheka,
mtoto mgongoni, mwengine kwenye beseni:
"Kudhulumiwa? Labda na mbu."

Kisha akainuka,
akafungua pindo la leso, akatoa shilingi kumi,
akampa kijana aliyekalia kreti ya soda.
Kijana akavua ufunguo shingoni.
Mlango wa choo ukafunguka.

Nyambu aliigeuza fomu, mbele na nyuma.
Hakukuwa na swali la choo.

"Na usiku?"
"Usiku hufungwa saa tatu. Kuna mkebe."
"Na mtoto akiharisha?"
"Kuna mkebe."
"Na ulipokuwa na mimba?"
Mbeyu alitutazama kama watu waliopotea njia.
"Nishakwambia, mwanangu. Kuna mkebe.
Nyumba za kupanga ndivyo zilivyo."

Tukazikunja fomu. Tukala mahamri pamoja nao.
Ndipo watu wakaanza kusema.

Alhamisi, siku ya baraza,
tulifunga kamba ya nguo
kutoka nguzo ya stima hadi dirisha la afisi ya chifu,
tukaanika maneno yao kwa vibanio, kama sare za shule:

*Nalipa kodi ya kulala, nalipa na ya haja.*

*Binti yangu hanywi maji baada ya magharibi.*

*Uchungu ulinishika, ufunguo ulikuwa umeenda harusini.*

*Kumi asubuhi, kumi jioni, na wanangu ni watatu:
pigeni hesabu nyinyi muliosoma.*

Upepo ukazipiga. Waliofuata vitambulisho wakaacha foleni.
Chifu akatoka: nani amewapa ruhusa?
Mbwana akafungua kinywa, hotuba ikamkaukia,
ikawa afadhali.
"Soma, bwana chifu," Kadzo akasema. "Ni fupi."
Akasoma. Ile ya harusini akairudia,
akavua miwani, akaifuta kwa shati, akarudi ndani.
Mpaka leo sijui alifuta nini.

Mbeyu akaja, akaomba kalamu.
Tukatazamana: sasa ataifuta ile hapana yake.
Akafuta *kumi*, akaandika *ishirini*.
"Wamepandisha Jumanne," akasema.
"Na lile neno lenu la juzi ni la kortini.
Mungeuliza tu: nani ana ufunguo?"

Nani ana ufunguo.

Jioni nilirudi Majengo.
Baba alikuwa sebuleni, ahesabu sarafu
za vyumba vyake kumi na viwili vya Mikindani,
azipanga minara midogo midogo juu ya kitambaa cha meza.
Na pale msumarini, kando ya kalenda,
ufunguo wenye kamba nyekundu
niliokuwa nikiupita tangu utotoni nikitafuta mtandio wangu.

"Karo yako ya muhula tayari," akasema, hakuinua macho.

Nikaketi mkabala naye.
Kalamu ya Nyambu ilikuwa bado kwangu.
Nikanyoosha fomu moja tupu kwa kiganja,
mnara mmoja ukaanguka.

"Baba, nina maswali."

La kwanza, jina.
Nilimuuliza hata hivyo.