Mkono wa Tatu

Nilianza na bisibisi ya nyota na kisahani cha kahawa
cha kuwekea skrubu, zisitawanyike.
Klipu mbili zilivunjika. Ya tatu iliruka
ikaingia banda la kuku, na huko ndiko iliko mpaka leo.

Selika ya mwaka tisini na moja,
imeshuka bandarini Mkoani na madeni yake:
milango miwili, pua chini,
taa ukizizima hulala kama macho ya paka.
Na ndani, plastiki iliyopigwa na jua la watu wengine
inanata kama halua iliyosahauliwa kabatini;
ukiushika mlango, mlango nao unakushika.

Wete nzima ilikuja kunipa ushauri.
Faki Shehe wa duka la spea:
"Itoe kwanza injini kohozi. Filta ya wazi, bomba pana,
springi zishushe vidole viwili.
Rangi ni mambo ya kike."
Nikafanya yote aliyosema, na rangi pia.

Springi zilishuka. Tangu hapo kila tuta la barabarani
nalijua kwa jina lake na la mama yake.
Bomba nalo lina sauti nzito;
siku niliyoliwasha mbuzi wa Bi Raya walikata kamba.

Kisha bitana za milango, uani, juu ya jamvi.
Msasa mia nne, msasa mia nane, na maji,
mpaka kidole kipite kisikute neno.
Spiriti. Praima.
Mkono wa kwanza mwembamba kama pumzi kwenye kioo.
Ngoja.
Mkono wa pili.
Ngoja tena, hapa ndipo wengi huharibu:
gari la mbio linataka fundi asiye na mbio.

Sasa, lile jamvi.
Mize alirudi shamba na karafuu za vuli kichwani,
mdogo wake nyuma na kapu la pili,
akasimama mlangoni, akasema bila kupandisha sauti:

*Rangi yako ya gharama, jamvi langu la mamangu;
isipohama mapema, utakula rangi, wangu.*

Tukagawana. Nusu karafuu, nusu milango.
Jua moja likikausha deni na likikausha starehe.

Saa tisa wingu likaja kutoka Mtambwe bila hodi.
Unajua Pemba wingu linavyokimbiza watu msimu wa karafuu:
aliyemo bafuni hutoka na povu.
Mimi nikakimbilia bitana. Nakiri.
Mize akakimbilia karafuu, mikono ikampungukia,
akaninyang'anya bitana ya kushoto, rangi mbichi,
akaimiminia karafuu kama sinia
na kuingia nayo ndani.

Nikaitazama ya kulia.
Nikaimiminia na mimi.

Usiku, kwa taa ya simu, tulikaa kuzing'oa.
Zimenasa mia na zaidi,
vichwa vimeinama ndani ya weusi.
Nyingine zilitoka kwa kibanio cha nyusi.
Nyingine zilikataa.
Na karibu na kitasa, vidole vitano vya Mize,
na mstari mwembamba wa pete.

"Piga msasa," alisema. "Uanze upya."
Msasa nilikuwa nao.
Kopo la mkono wa tatu nilikuwa nalo, limejaa.
Bado liko juu ya kabati.

Ijumaa, baada ya alfajiri, tulitoka kwenda Konde.
Ya pili, ya tatu, bomba linanguruma mteremkoni,
ya nne, na kisiwa kikaanza kwisha
kabla sijaigusa ya tano.
Jua lilipopanda kioo cha mbele
gari zima likanukia msimu.
Mize akaweka kiganja palepale, kidole juu ya kidole,
kikaenea.

"Ongeza," akasema.