Nzi wa Unyoya

Alhamisi, zamu ikiisha, nafunga valvu namba tatu,
natia saini daftarini, naweka ufito begani,
nashuka ngazi za zege mia na kumi na saba
mpaka pale bwawa la Wadi Dhaiqa linapolamba ukuta.
Walinzi wa getini wameshanizoea.
Mwanzo Dostain, yule Mbalushi, alikuwa akinipigia kelele kutoka juu:
"Fundi! Mbona wayachapa maji? Yamekukosea nini?"

Ufito huu aliniachia Torvald, mhandisi,
mkataba wake ulipokwisha.
Kwao kuna mto mkubwa, alisema, umefungwa mara nne,
na kila ukuta una ngazi yake ya samaki,
kidimbwi juu ya kidimbwi, kama vidato vya mnara,
samoni apande, arudi alikoanguliwa.
Nikamuuliza: na akiikuta ngazi imezibwa?
"Hupiga kichwa ukutani."
Akainywa chai yake, ilikuwa imeshapoa.

Kutupa si kutupa. Hilo ndilo somo la kwanza.
Nzi hana uzito; anayekwenda ni mshipi.
Nyuma,
ngoja,
mbele.
Na kazi yote imo ndani ya ile ngoja.
Miezi miwili nilinasa kofia yangu, nikanasa mtende,
na sikio la Torvald mara moja
(damu kidogo, matusi mengi ya Kinorwe).

Nzi nawafunga mwenyewe, usiku, jikoni:
ndoana ndogo kama kope, uzi wa cherehani,
unyoya wa shingo ya jogoo wa Bi Zuweina,
mwekundu, unaowaka ukiushika kwenye taa.
Raya hupita na birika:
"Mtu mzima, ana wajukuu, anashona nzi."
Lakini juzi nilikuta nyuzi zangu zimepangwa kwa rangi,
na sikuzipanga mimi.

Samoni hapa usimtarajie.
Trauti angeletwa huku mwezi wa saba
angeiva kabla hajatiwa chumvi.
Wapo wale wadogo wa wadi, urefu wa kidole,
waliokuwapo kabla ya ukuta na kabla yetu,
na wapo perege. Aliyewatia hajulikani,
au anajulikana, hasemwi.

Siku tuliyoshuka ndege, Baba alisimama
juani, na koti lake la sufi, akasema: "Tumerudi."
Nilikuwa na miaka tisa. Nimezaliwa Vikokotoni.
Nitarudije pahala nisipopata kupaona?
Shuleni Kiarabu changu kiliwachekesha hata walimu.
Torvald anasema samoni huujua mto wake kwa harufu.
Mimi harufu ya hapa sikuja nayo.
Nimejifunza kwa valvu, miaka ishirini na sita:
kutu, chokaa, majani ya mrehani yaliyooza,
na ile nyingine, ya udongo uliolowa mbali, milimani,
ambayo huifikia pua yangu
kabla mafuriko hayajaifikia mitambo.
Wakubwa wa ofisi hunipigia simu siku hizi:
"Fundi, leo pananukaje?"

Jana jua likiwa nyuma ya ukuta
nilitupa, nikangoja, nikatupa.
Nzi akakaa juu ya maji kama aliyealikwa.
Maji yakafunga mdomo juu yake.
Perege, upana wa kiganja, mwenye hasira.
Nililowesha mikono kwanza, kama nilivyofundishwa,
nikamchomoa ndoana mdomoni,
nikamshika majini mpaka akakumbuka kuogelea.

Usiku ukaja ujumbe wa Torvald:
mwaka huu, ngazi ya nne, wamefika kumi na mmoja.
Nilikaa na simu mkononi muda.
Nikaandika: Huku mmoja.
Akauliza ni samaki gani.
Sikumjibu; Raya alikuwa ameshazima taa,
na kwenye vidole vyangu mlikuwa bado mna maji ya bwawa,
kutu, chokaa, mrehani.