Maiti wa Tatu

Walinilipa pauni themanini na tano
na supu ya nyanya katika kikombe cha karatasi,
nife.
Kazi nyepesi, alisema aliyeniajiri. Lala tu, usipumue.

Huddersfield, Februari, saa kumi alfajiri,
kando ya mfereji, chini ya daraja la matofali
linalochuruzika kama pua ya mtoto.
Wakanipaka buluu midomoni,
wakanichora shingoni alama ya kamba
kwa brashi laini, taratibu,
kama mtu anayemtia hina biharusi.

Mpelelezi akaja. Koti refu, ndevu za siku tatu.
Akachuchumaa, akanifunua shuka.
"Huyu wa tatu," akasema, "na mwezi haujaisha."
Kata! Maiti anatoa mvuke.
"Huyu wa tatu..."
Kata! Bata kaingia.
Mara kumi na nne nilikuwa wa tatu.
Kati ya kifo na kifo akaniuliza kama nasikia baridi,
nikanyamaza: sikujua kama maiti anaruhusiwa.

Muuaji nilimkuta kwenye foleni ya chai,
Gethin, kijana mpole wa Wales.
Aliniachia biskuti ya mwisho.

Kwenye karatasi zao sikuandikwa jina.
Nami naitwa Siwatu.
Bibi alinipa kuwasuta majirani,
walimwengu si watu;
hakujua siku moja litakuwa kibarua.

Oktoba filamu ikafika mjini. Nikakata tiketi mbili.
Mpelelezi anabandika picha ukutani,
anavuta uzi mwekundu toka pini hadi pini,
anakunywa, anaachwa na mkewe, anakunywa.
Muuaji tunajua apendacho kula,
tunajua babaye alimpigia nini.
Na mimi? Unyayo.
Unyayo mmoja nje ya shuka, sekunde nne.

Salme, miaka saba, akaujua kwa kovu,
lile la jembe, la Lushoto.
"Mama huyo!"
Safu nzima ikageuka, ikatuambia shhh.

Alikaa kimya kitambo, kisha sikioni mwangu:
"Mbona yule polisi hakuuliza unaitwa nani?"

Nikamjaza bisi mdomoni.
Kwenye skrini muuaji alikuwa akipanda ngazi,
polepole, mkononi kashika viatu vyake,
na ukumbi mzima, nami nikiwemo,
tukasahau kupumua.