Risiti Mia Mbili Ishirini na Nane

Mpimaji alikuja Jumanne na kijitaa chekundu
kisicho na kamba wala futi.
Akakielekeza ukutani, kikalia pi,
na jikoni mwangu mkageuka namba.
Sogea kidogo, mama, akasema,
kivuli chako kinaingia kwenye kipimo.

Hapa ni Nakuru, Sekshen 58, ghorofa ya tatu.
Dirisha moja linaona Menengai mvua ikianza kushuka,
jingine hupokea vumbi jeupe la magadi
linalotoka ziwani Februari na kukaa kwenye sahani.
Vumbi hilo hakulipima.

Marehemu Gathumbi alijenga nyumba hii kwa pesa za pareto.
Alikuwa mgumu wa senti, lakini alibisha hodi.
Wanawe watano wameketi, wakaona
jengo halikatiki kama mkate
ila likikatwa karatasini:
uniti kumi na mbili, hati kumi na mbili,
na bango langoni lenye picha ya mwanamke
anayecheka sebuleni mwangu.
Simjui. Makochi yale si yangu.

Notisi ilipenyezwa chini ya mlango.
Siku thelathini. Au nunua,
milioni tatu na laki nane.
Chini kabisa waliandika: Karibu.

Usiku ule nilishusha mkebe wa Kimbo kutoka juu ya kabati.
Miaka kumi na tisa.
Risiti za kwanza ni mwandiko wa mzee, herufi zimelala ubavu,
za mwisho ni ujumbe wa simu niliouchapisha
kwa shilingi kumi kumi.
Nikajumlisha hadi mishumaa miwili ikaisha,
kisha nikaitembeza hesabu ndani ya nyumba:
sebule, nimelipa.
Chumba cha watoto, nimelipa.
Jikoni, nimelipa mpaka kwenye sinki.
Bafu bado ni lao, na chumba ninamolala.
Nikaenda kulala kwa watu.

Jumapili tulikutana juu ya paa, kwenye kamba za nguo.
Mwalimu Ondieki alisoma notisi kwa sauti ya darasani.
Chepng'eno alikuja na mtoto mgongoni,
Wafubwa na mafuta ya baiskeli mikononi.
Bi Wambaire wa chini, magoti yake hayapandi ngazi,
tulimpigia simu tukamweka juu ya tangi asikie.
Barasa hakuja. Wanasema ameshaweka arubuni.
Sijui kama namlaumu. Yeye ana sacco.

Hatukusema nyumba ni yetu.
Tulisema: uzeni, lakini mtuulize sisi kwanza.
Asiyeweza kununua asitolewe
muhula wa shule ukiwa katikati.
Na dipositi irudi nzima,
isikatwe rangi ya ukuta
nilioupaka mwenyewe, Krismasi mbili.

Barazani, wakili wao aliniuliza kwa upole:
Mama, una nini cha kuonyesha kwamba pale ni kwako?
Nikaweka mkebe mezani, nikafungua kifuniko.
Harufu ya mafuta ya zamani ikatoka.
Karani akahesabu, akakosea, akaanza upya.

Tumepewa tarehe. Tarehe si ushindi,
ni msumari wa kutundikia pumzi.
Mpaka siku hiyo kila mtu akae alipo.

Kwenye mchoro wa mpimaji
ngazi zimechorwa mistari ya mshazari: mali ya wote.
Nilimuuliza siku ile, wote ni nani?
Wenye hati, akajibu, akafunga kijitaa chake.

Globu ya ngazi iliungua Machi.
Wana wa Gathumbi hawaweki globu
kwenye kitu wanachouza,
na mtoto wa Chepng'eno alijikwaa pale akang'oka jino.
Basi nikitoka barazani nilipitia dukani,
nikarudi, nikapanda juu ya kiti cha Wafubwa,
nikaifunga ile mpya, taratibu, kwa kitambaa.

Shilingi mia na themanini.
Muuza duka alishangaa nilipodai risiti.
Ya mia mbili ishirini na tisa.