Lita Sitini

Baba alinunua tundu kwanza.
Ndivyo nilivyomwambia Mama: amenunua tundu,
maana pakiti aliyotoka nayo dukani, mjini La Crosse,
ilikuwa na pete ya shaba, katikati shimo,
na dola kumi na moja zimekwenda.

Boti yetu ni ya alumini, futi kumi na nne,
ina viraka kama suruali ya fundi.
Miaka tisa Baba ameziba kila kitone.
Jumamosi ile akapiga magoti gerejini,
akaielekeza drili kwenye sakafu ya boti yake mwenyewe,
akanyamaza.
"Gaonou, shika taa," akasema. "Usinitazame mimi."
Bati likalia. Nyuzi zikatoka zimejikunja,
zikamganda vidoleni zikiwa moto.

Sababu ni Bibi.
Bibi hali samaki aliyekufa bila yeye kujua.
Dukani aliwahi kumfunua mmoja shavu,
akamwambia muuzaji kwa Kihmong,
"Huyu amekufa tangu juzi,"
na muuzaji akatabasamu, akidhani ni salamu.

Basi boksi kuukuu la barafu likawa bwawa.
Pampu ndogo inavuta mto kwa lile tundu,
mpira unaupandisha, unaunyunyiza juu,
na bomba la pili, inchi mbili chini ya mfuniko,
linaurudisha mto kwa wenyewe.
Mzee Lindahl akachungulia juu ya uzio:
"Samaki hajui kona. Atagonga pua hadi itoke damu."
Baba hakumjibu, lakini usiku
nilimsikia akikata ndoo ya rangi kwa msumeno,
na asubuhi pembe zote nne zilikuwa zimeviringwa.

Lita sitini, kilo sitini:
mtu mzima wa ziada
asiyepiga kasia.

Mwezi wa Mei samaki weupe wenye mistari wanapanda mto.
Bibi alikaa juu ya ndoo, jaketi la kuokolea juu ya koti,
na kila tulipotia mmoja alifunua mfuniko
kama mtu anayechungulia wali.
Kumi na mmoja kufikia saa saba.
Saa tisa pampu ikakohoa,
ikakohoa tena,
kimya.
Bwawa lilikuwa limeinywa betri yote.

Injini ni ya kuvuta kamba, hiyo iliwaka.
Ila nyumbani ni mwendo wa dakika arobaini,
na samaki walishapanda juu, vinywa wazi,
wote wameelekea upande mmoja kama abiria.
Baba alishika waya huu, akashika ule,
akatukana duka, akamtukana aliyetengeneza duka.
Bibi akachukua kikombe cha chupa ya chai,
akachota bwawani, akakiinua hadi begani,
akamimina. Akachota, akainua, akamimina,
taratibu, kwa uzi mrefu,
kama anayempozea mtoto uji.
"Endesha," akasema.

Habari za hewa na maji
anazijua kutoka mto mwingine
ambao hatumuulizi.

Mkono wake ulipochoka nikapokea mimi.
Kikombe kidogo. Mgongo ukawaka.
Nilihesabu hadi mia, nikapoteza hesabu, nikaanza upya.
Wawili walilala ubavu karibu na daraja la reli;
Bibi aliwatoa, akawaweka pembeni, hakusema kitu.
Tisa walifika.

Jikoni mmoja aliruka kutoka kwenye sinki,
akalowesha kalenda ya benki na soksi za Mama.
Bibi alimbana kwa kiganja, akamtazama jicho,
muda mrefu kuliko nilivyotarajia,
akampiga mara moja kwa mgongo wa panga.
"Haya," akasema, "huyu ni samaki."
Na mchaichai ukaanza kunukia.

Tuliita Baba aje kula. Tukaita tena.
Nilimkuta gerejini, amelala chali chini ya boti,
tochi mdomoni,
anaizungusha pete ile ya shaba kwa kidole,
pole pole, anatafuta unyevu.

Kavu.