Mkia wa Herufi

Saa nne usiku, Barabara ya Nasser.
Ngazi inanuka wino na mafuta ya taa,
na Wokorach amesimama mlangoni, mikono myeusi:
"Sahani zinangoja. Faili iko wapi?"

Faili iko hapa. Faili haikubali.

Kwenye kioo changu kila kitu kilikuwa harusi:
herufi zenye mapindo kama ncha za hina,
R inayoburuta kanzu sakafuni,
B yenye matumbo mawili kama mgeni aliyeshiba.
Nilipozituma chini kuchapwa
zikarudi zimevuliwa nguo,
herufi za barua ya benki,
herufi za risiti ya maji.

Kadi mia nne. Kwanjula ni Jumamosi.
Bwana Lwanyaga amelipa nusu, tena kwa kuhesabu mara mbili.

Fonti haikusafiri na faili, basi.
Mashine ya chini haijawahi kuiona,
nayo, kama karani asiyetaka kusema sijui,
ikaweka iliyokuwapo.
Nikajaribu kuipachika. Ikagoma:
fonti ya bure, ya kuokota,
mwenyewe kaufunga mlango kwa ndani.

Nikazigeuza mistari.
Unazichagua zote, unabofya mara moja,
na neno linaacha kuwa neno.
Ukiliuliza wewe ni nani
linajibu: mimi ni nukta thelathini na mikunjo.
Hakuna awezaye kulivua tena,
wala kulisahihisha.
Kama kawa za mama kule Bombo:
ukishakaza ukingo, ukili uliokosea
utakosea mpaka siku ya kuoza.

Hapo ndipo nikaona visanduku.

Mstari wa tatu, chini ya jina la binti: ukoo.
Wa Eŋŋonge, fisimaji wa mtoni,
na mahali pa ŋ mbili, visanduku viwili vitupu,
madirisha ya nyumba iliyohamwa.
Kumbe kioo kilinisitiri siku zote,
kikiazima ŋ kwa fonti ya jirani.
Aliyechora hii, popote alipo,
hakuwahi kuisikia sauti ile ikipita puani.
Kwa Kiswahili ningeweka kibanzi, ng', nikapita.
Waganda wameipa mkia.

Nikampigia simu bwana Lwanyaga.
"Niweke n mbili tu? Watu wataelewa."
Kimya. Nikasikia redio yake, na mbwa.
"Wataelewa," akasema, "kwamba binti yangu
anatoka katika ukoo usiokuwepo."

Nikachukua n.
Nikaenda kwa y, nikamkata mkia
(samahani, y, nitakurudishia),
nikaubandika kwenye mguu wa kulia wa n,
nikalainisha kiungo nukta kwa nukta
hadi jicho lipite bila kujikwaa.
Ya kwanza ilifanana na ndoana.
Ya pili, n iliyovunjika goti.
Ya tatu na ya nne sizisemi.
Ya tano ilikuwa nzuri; umeme ukaondoka nayo.

Asubuhi Wokorach akainua kadi kwenye mwanga.
Mwacholi yule, na kwao sauti hiyo ipo,
akaisoma polepole, kwa pua,
eŋŋonge,
akafuta kidole gumba kwenye suruali
na kuuliza kama ile ya sita nimeihifadhi.

Nimeihifadhi. Herufi moja, faili nzima.
Y bado ananidai.